Elizabeth Bennet anakana kuwa msomaji. Kwa nini?

Mwanakitabu_Moro

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa, shikamooni.

Sisi ni wanawake saba hapa Morogoro. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana barazani kwa mmoja wetu, kila mtu na kitabu chake, chai ya tangawizi katikati. Mwezi huu tunasoma Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813. Tumefika sura ya nane tukakwama hapo. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Kwa asiyeisoma: Elizabeth amekwenda kumuuguza dada yake aliyeugulia ugenini, kwenye nyumba ya matajiri. Jioni anashuka sebuleni, anawakuta wenyeji wanacheza karata. Wanamkaribisha acheze. Anahisi wanachezea fedha nyingi kuliko uwezo wake, kwa hiyo anamsingizia mgonjwa, anasema atakaa kidogo tu na kitabu. Bwana mmoja anashangaa: kumbe wewe unapenda kusoma kuliko karata? Ajabu hiyo. Hapo Miss Bingley, dada wa mwenye nyumba, anadakia: Elizabeth anadharau karata, ni msomaji mkubwa, hakuna kingine kinachompa raha.

Na Elizabeth anakana! Anasema hastahili sifa hiyo wala lawama hiyo, yeye si msomaji mkubwa, na mambo mengi humfurahisha.

Huyu ndiye binti mwenye akili kupita wote katika kitabu kile. Mwenyewe kachagua kitabu badala ya karata. Kwa nini akane? Na kusoma kunakuwaje "lawama"? Mwenzetu mmoja anasema tusimtafute mchawi, kasema kweli, hasomi sana. Mimi naona pana hofu ndani ya jibu lile, na hofu hiyo naijua. Nikiwa kidato cha pili, shangazi yangu alinikuta jikoni nasoma riwaya, wali umeanza kushika chini. Akasema mbele ya wageni, "Huyu kusoma kutamkosesha mume." Nikajibu haraka, "Sisomi, shangazi, naangalia picha tu." Kitabu kile hakikuwa na picha hata moja.

Naomba mwenye kujua maisha ya wanawake wasomi wa Uingereza ya wakati ule anisaidie. Nataka Jumamosi ijayo niende na kitu cha kueleweka.

---

Chaki_na_Ubao

Dada, mimi naona ni adabu tu. Hata kwetu ukimwambia mtu amependeza atakujibu "kawaida tu". Miss Bingley kamsifu kwa kejeli, naye kaikataa sifa na kejeli kwa pamoja, kwa jibu moja fupi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, fasihi si uwanja wangu, lakini hofu siioni pale. Naona binti anayejiamini.

---

MamaWodini

Mwanakitabu, marahaba.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tisa niko Winchester, kusini mwa Uingereza. Kanisa kuu alimozikwa Jane Austen nalipita nikitoka zamu ya usiku. Swali lako nimelisoma kwenye basi asubuhi, nimelala saa mbili, nimeamka kulijibu kwa sababu haliniachi.

Ulichokihisi kipo. Anzia kwenye karata.

Kuanzia miaka ya 1750 hivi, palikuwa na mama mmoja tajiri jijini London, Elizabeth Montagu. Yeye na wenzake walichoshwa na hafla ambazo watu hula, hunywa, kisha hukaa kwenye meza za karata mpaka usiku wa manane. Wakaanza kualika watu kwa mazungumzo ya vitabu. Hapana karata, hapana ulevi. Wanaume nao walikaribishwa. Mmoja wao, Benjamin Stillingfleet, mtaalamu wa mimea, alikuja na soksi zake za sufu za buluu, soksi za kushindia, wakati wenzake wamevaa hariri. Wakamkaribisha hivyohivyo, na jina likaganda kwa kundi zima: Bluestockings, wenye soksi za buluu. Lilikuwa jina la utani la mapenzi kabisa. Mmoja wa kina mama wale, Elizabeth Carter, alimtafsiri mwanafalsafa Epictetus kutoka Kigiriki mwaka 1758. Kigiriki, mwanangu, na hakuna mwanamke aliyesoma chuo kikuu cha Uingereza wakati huo. Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920.

Sasa sogea miaka sitini mbele. Mwaka 1811 Mfalme George wa Tatu akili imemruka kabisa, mwanawe anashika madaraka kwa niaba yake mpaka mzee anapofariki mwaka 1820. Hicho ndicho kipindi wanachokiita Regency, na ndani yake ndimo vitabu vya Jane Austen vilimotoka. Kufikia hapo "soksi za buluu" ni tusi. Mwanamke akiitwa hivyo, maana yake mjuaji, mkavu, hana mvuto, mwanamume amkimbie.

Katikati hapo lilipita jambo lililowatia watu hofu. Mary Wollstonecraft aliandika mwaka 1792 kitabu cha kutetea haki za wanawake, akisema msichana afundishwe kufikiri kama mvulana. Watu wengi walikisoma, wengine kwa heshima. Akafariki mwaka 1797, siku chache baada ya kujifungua. Mume wake, William Godwin, kwa majonzi na kwa kupenda ukweli, akachapisha maisha yake mwaka uliofuata bila kuficha lolote: mtoto wa nje ya ndoa, majaribio ya kujiua. Uingereza iko vitani na Ufaransa, watu wanaogopa mapinduzi, halafu wanapewa hilo. Tangu hapo msichana akitaja elimu ya wanawake, wakubwa wanamwona Wollstonecraft nyuma ya bega lake.

Ndiyo maana msikilize vizuri Miss Bingley. Neno lenyewe halitaji, lakini anampaka Elizabeth alama zote mbili za soksi za buluu: anachukia karata, anapenda vitabu. Anamsemea mbele ya wanaume wasiooa. Na Elizabeth si mtu wa kumudu jina hilo. Urithi wake ni pauni 1,000, tena mpaka mama yake afe. Nyumba ya baba yake itakwenda kwa binamu mwanamume. Jibu lake si la uongo wala si la woga wa kitoto. Anakwepa pigo huku amesimama wima. Mwalimu wa hisabati ana haki kuona kujiamini, kupo. Ila mtu hakwepi pale ambapo hapana ngumi.

Nikupe na mfano wa aliyekataa kukwepa. Anna Laetitia Barbauld alikuwa mshairi anayeheshimika nchi nzima, na mwalimu. Watoto wengi wa Uingereza walijifunza kusoma kwa vitabu vyake. Mwaka 1812, akikaribia miaka sabini, alitoa shairi refu la kulaumu vita na Ufaransa, akatabiri kwamba utukufu wa Uingereza utapita na kuhamia Marekani. Mhakiki mmoja katika jarida la Quarterly Review, bila kuweka jina (leo tunajua ni John Wilson Croker, ofisa mkubwa wa serikali katika mambo ya jeshi la majini), alimdhihaki kwamba ametupa miwani na sindano zake za kufumia ili aje kuiokoa nchi kwa kijitabu cha mashairi. Hakubishana naye juu ya vita tu. Alimrudisha kwenye kufuma. Mama yule aliishi miaka kumi na mitatu zaidi na hakuchapisha tena shairi refu. Mimi kila nikifika hapo naumia. Miaka kumi na mitatu ya mtu mwenye kipaji kile.

Jane Austen aliyaona hayo yote. Kwao kusoma hakukuwa aibu. Baba yake, mchungaji, alikuwa na vitabu zaidi ya 500. Mwaka 1798 mama mmoja, Bi Martin, alipofungua maktaba ya kukodisha vitabu, na katika tangazo lake akajitetea kwamba hatakuwa na riwaya peke yake, Jane alimwandikia dada yake kwamba kujitetea huko kusingehitajika kwao: familia yao ni wasomaji wakubwa wa riwaya na hawaoni haya. Hayo ni ya ndani ya nyumba. Nje ni kwingine. Kitabu chake cha kwanza, mwaka 1811, kiliandikwa tu kwamba kimetungwa na "bibi mmoja". Cha pili, hicho mnachosoma, kiliandikwa kwamba ni cha mtunzi wa kile cha kwanza. Jina lake halikuwamo katika kitabu chochote mpaka alipokufa. Kaka yake Henry ndiye aliyeshindwa kujizuia: aliwasikia watu Uskoti wakiisifu riwaya, fahari ikamjaa, akamtaja dada yake.

Na mwaka 1815, mkutubi wa mwana wa mfalme alipomshauri aandike riwaya juu ya mchungaji msomi, Jane alimjibu kwamba hawezi, maana yeye ni mwanamke asiye na elimu kuliko wote waliowahi kuthubutu kuandika vitabu. Soma tena jibu la Elizabeth, kisha soma hilo. Ngao ni moja. Mkubwa kamwagiza kazi asiyoitaka, naye kajitia ujinga ili abaki na kazi yake.

Siku moja ya mapumziko nilipanda basi mpaka kijijini Chawton, kwenye nyumba aliyohamia mwaka 1809 na mama yake, dada yake na rafiki yao. Ni nyumba ya matofali mekundu kando ya barabara. Meza yake iko chumba cha kulia, karibu na dirisha. Ina pembe kumi na mbili na mguu mmoja, na ni ndogo kiasi kwamba ukiweka karatasi na kidau cha wino, kikombe cha chai hakina pa kukaa. Mpwa wake aliandika baadaye kwamba alitumia vikaratasi vidogo ili mgeni akitokea avifunike upesi, na kwamba palikuwa na mlango uliolia bawaba kila ukifunguliwa, naye akakataa usitengenezwe, maana ulimpa taarifa kwamba mtu anakuja. Nilisimama pale nikafikiria kazi yangu: usiku wodini naijua milango yote kwa sauti zake, kwa sababu nasikilizia mgonjwa. Yeye alisikilizia ili ajifiche.

Samahani kwa urefu.

---

Kijana_wa_Kariakoo

Mama, shikamoo. Nimesoma yote na nimejifunza. Ila nina dukuduku. Hawa wote ni watu wenye nacho: nyumba, watumishi, baba mwenye vitabu 500. Mtu anayepikiwa ana muda wa kujificha na kalamu. Binti aliyekuwa anampikia Jane Austen je? Au binti wa fundi? Tukisema "wanawake wasomi wa Regency" mbona tunaongelea sebule kumi tu?

---

MamaWodini

Marahaba baba. Umeuliza la haki.

Pride and Prejudice ilipotoka, juzuu tatu, iliuzwa shilingi 18, na shilingi 20 ndiyo pauni moja. Mtumishi wa kike wa nyumbani alilipwa pauni chache kwa mwaka mzima, zaidi ya chakula na mahali pa kulala. Kitabu kimoja kingekula mshahara wake wa miezi. Kwa hiyo watu walikodi. Ulilipa ada kwenye maktaba ya kukodisha, ukachukua juzuu ya kwanza, ukairudisha, ukapewa ya pili. Ndiyo sababu riwaya zilikatwa vipande vitatu: nakala moja ihudumie wasomaji watatu kwa wakati mmoja. Hata hiyo ada maskini hakuimudu, lakini watu wa kati, wake wa wenye maduka, waliingia kwa mlango huo.

Na binti wa fundi yupo. Sikia kisa hiki.

Mwaka 1804 familia ya Austen ilikuwa Lyme, mji wa pwani, kwenye nyumba ya kupanga. Kifuniko cha sanduku moja la mwenye nyumba kikavunjika. Wakamwita fundi seremala akadirie gharama. Akasema shilingi tano. Jane anamwandikia dada yake kwamba bei hiyo waliiona inazidi thamani ya samani zote za chumba kile, wakaamua kumalizana na mwenye nyumba mwenyewe. Jina la fundi analitaja: Anning.

Fundi huyo alikuwa na binti wa miaka mitano, Mary. Baba akafa mwaka 1810, akaacha madeni. Mary na kaka yake wakawa wanatafuta visukuku kwenye majabali ya bahari, mifupa iliyogeuka jiwe, wanawauzia watalii wapate mkate. Kati ya 1811 na 1812, wakati uleule ambao kitabu cha "bibi mmoja" kiko madukani, watoto hao walichimbua kiunzi cha mnyama wa bahari wa kale anayeitwa ichthyosaurus. Familia ilikiuza kwa pauni 23 hivi. Mary alikuwa na miaka kumi na miwili. Kusoma alijifunzia katika shule ya Jumapili ya kanisa. Alipokuwa mkubwa aliazima makala za wanasayansi, akazinakili kwa mkono neno kwa neno, na michoro yake. Mabwana wa London walikuja kwake kuuliza, wakarudi kuandika kwa majina yao. Chama cha wanajiolojia cha London kilianza kupokea wanawake mwaka 1919. Yeye alikufa mwaka 1847.

Kwa hiyo ndiyo, baba, sebule zilikuwa chache. Lakini angalia tofauti ya kinachotokea. Mwanamke wa sebuleni alificha jina lake mwenyewe kulinda heshima. Wa pwani hakuwa na heshima ya kulinda, kwa hiyo jina lake lilifichwa na wengine.

Na fedha zilikuwa na maana hata kwa wa sebuleni, tusijidanganye. Austen aliuza haki ya Pride and Prejudice kwa pauni 110, alitaka 150. Mwenzake Maria Edgeworth wa Ireland, aliyetumia jina lake waziwazi na ambaye ndiye aliyesifika zaidi wakati ule, alilipwa pauni 2,100 kwa riwaya moja mwaka 1814. Jane maisha yake yote hakufikisha pauni 700 kwa kalamu. Na riwaya yake ya mwanzo kabisa kuuzwa iliuzwa mwaka 1803 kwa pauni kumi. Mnunuzi akaifungia kabatini. Mwaka 1809 Jane akamwandikia kwa jina la kubuni, akiuliza kulikoni. Akajibiwa: rudisha kumi zetu, chukua muswada wako. Hakuzirudisha mpaka 1816. Ilichapishwa akiwa ameshakufa, ndiyo Northanger Abbey, na ndani yake kuna sentensi ambayo nimeinakili kwenye daftari langu la zamu: kwamba mwanamke hasa, akiwa na bahati mbaya ya kujua jambo lolote, na alifiche kadiri awezavyo.

Tangu mwaka 2017 picha yake iko kwenye noti ya pauni kumi ya Uingereza. Chini wameandika maneno haya: "Natangaza kwamba hakuna starehe kama kusoma!" Mwanakitabu, ukifika sura ya kumi na moja utakutana nayo. Ni maneno ya Miss Bingley. Yuleyule. Ameshika juzuu ya pili kwa sababu tu Bwana Darcy, tajiri anayemtaka, anasoma ya kwanza, na amepiga mwayo sasa hivi. Mimi noti hiyo inanisikitisha kila ikipita mkononi.

---

Chaki_na_Ubao

Mama, nimekubali. Suala la karata sikulijua, na limebadilisha ninavyoisoma sura ile. Na kwa kuwa umemleta Mary Anning, naomba na mimi nimlete Mary wangu, ambaye huwasimulia wanafunzi wa kidato cha tatu kila tunapoanza jometri.

Mary Somerville, alizaliwa Uskoti mwaka 1780, baba yake ofisa wa jeshi la majini. Alikuwa binti wa miaka kama kumi na mitano hivi, amekwenda kwenye karamu ya chai, mwenzake akamwonyesha jarida la mitindo ya nguo na michoro ya kudarizi. Akafunua kurasa. Mwishoni kulikuwa na fumbo, akadhani ni hesabu za kawaida, kumbe zimechanganyika na herufi x na y. Akauliza, hii nini? Akaambiwa, ni aina ya hesabu, wanaiita aljebra. Basi. Hakuna aliyeweza kumwambia zaidi. Baadaye, kwenye darasa la uchoraji, akamsikia mwalimu akimshauri mwanafunzi mwingine amsome Euclid, yule Mgiriki wa kale aliyeandika vitabu vya jometri. Msichana hawezi kuingia duka la vitabu akaomba Euclid, ingekuwa kituko. Alisubiri mpaka mwalimu wa mdogo wake wa kiume alipokubali kumnunulia.

Akawa anasoma usiku. Watumishi wakalalamika kwamba mishumaa inaisha. Wazazi wakaamuru mshumaa wake uondolewe mara tu akishalala. Sikilizeni alichofanya: alikuwa ameshamaliza vitabu sita vya mwanzo vya Euclid, basi kila usiku akawa anavipitia kichwani, gizani, tangu mwanzo, nadharia moja baada ya nyingine. Baba yake aliporudi akamwambia mkewe wakomeshe jambo hilo, la sivyo siku moja Mary atavalishwa koti la kuwafungia wendawazimu.

Mume wa kwanza hakuona kwamba wanawake wana akili ya mambo hayo. Akafariki mwaka 1807, na kwa ujane Mary akapata fedha zake na muda wake. Akajinunulia maktaba ndogo ya hisabati. Mwaka 1811, ndani ya Regency yenyewe, alishinda nishani ya fedha kwa kutatua swali la shindano la jarida la hisabati, jina lake limechongwa juu yake. Alipokaribia kuolewa mara ya pili, dada mmoja wa mchumba akamwandikia barua kwamba anatumaini sasa ataachana na maisha yake ya kipuuzi na masomo yake, awe mke wa heshima. Bahati njema huyo mume wa pili, William Somerville, alijivunia akili ya mke wake mpaka mwisho. Mwaka 1831 Mary alitoa kitabu cha mwendo wa sayari kilichofikia kutumiwa Cambridge, chuo ambacho yeye mwenyewe asingepokelewa.

Kila mwaka nikifika kwenye mshumaa darasa linanyamaza. Wasichana hasa. Nilikuwa nadhani wananyamaza kwa sababu ya Euclid.

---

Baraza_la_Mji_Mkongwe

Assalaam aleykum. Mimi nitasema dogo tu. Huo mshumaa umenikumbusha Unguja. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, mtoto wa Sultani, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba watoto wa kike wa jumba la kifalme walifundishwa kuisoma Qurani lakini kuandika hawakufundishwa. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za msahafu, na akiandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ni miaka mingi baada ya hao wa Uingereza, na mazingira mengine kabisa, sitaki kulazimisha ulinganifu. Lakini mkono ule unaojua kufunika karatasi, kwetu pia upo.

---

Mwanakitabu_Moro

Nimerudi, ahsanteni sana. Mama, mwalimu, na wote.

Jumamosi tumekutana. Nilianza na soksi za buluu, kisha nikaomba tuisome sura ya nane kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Mwenzetu aliyekuwa akishikilia kwamba Elizabeth hasomi sana ndiye tuliyempa maneno ya Elizabeth. Alipofika "mimi si msomaji mkubwa" akasimama, akarudia tena polepole, akasema, "Kumbe anawaangalia usoni." Hatukubishana tena. Tukaendelea mpaka sura ya kumi na moja na kweli Miss Bingley yumo, na mwayo wake.

Jioni nikampigia shangazi. Ana miaka sabini na mbili sasa, yuko Kilosa. Nilimkumbusha siku ile ya wali. Alikuwa anaikumbuka. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: yeye aliachishwa shule darasa la nne aje kulea wadogo zake, na vitabu vyake mama yake alivitumia kuwashia moto, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

Halafu akaniuliza, "Kile kitabu ulichokuwa unasoma siku ile, kilikuwa kinahusu nini?"

Nilimsimulia mpaka salio likaisha. Akapiga yeye.